Mgeni wa Bwawani

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika nyumba za watu methali hii ni ya kweli. Mgeni akibisha hodi hupewa kiti na maji ya kunywa, na mara nyingine huja na habari au dawa ambayo mwenyeji hakuwa nayo. Lakini yako makao ambayo methali hiyo haifai kutumiwa bila ya hadhari, nayo ni makao ya samaki. Katika bwawa dogo nyuma ya nyumba, mgeni akipokewa kwa haraka yaweza kutokea kwamba mwenyeji hatapona bali atakufa, na mgeni naye atamfuata, na mwenye bwawa atabaki akiyatazama maji matupu asijue ni nani aliyemdhuru mwenziwe. Wahenga hao hao walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Kwa samaki siku mbili hazitoshi. Jembe lao hungoja majuma.

Karani mmoja aishiye Limuru, penye baridi, mita zipatazo 2,200 juu ya usawa wa bahari, alirithi kwa baba yake kipande cha shamba na bwawa lililojengwa nyuma ya jiko. Bwawa lenyewe si kubwa. Urefu wake ni mita mbili, upana mita moja na nusu, na kina chake sentimita 60, yaani likijaa hubeba lita 1,800 za maji. Marehemu mzee alilijenga kwa mawe na saruji ili lipokee maji ya mvua kutoka paa la mabati, kisha akatia humo samaki wa dhahabu ili wale viluwiluwi vya mbu. Aliwatia kwa ajili ya kazi, lakini mwisho akawapenda. Katika miaka yake ya uzeeni alikuwa akiketi kando ya bwawa kila jioni pamoja na mjukuu wake wa kike, na alipogonga jiwe la ukingoni kwa bakora yake, samaki walikuja wote mbio kupokea chakula.

Mzee alipofariki, samaki walikuwa saba. Muda haukupita mrefu korongo akalijua bwawa lile, na kwa asubuhi mbili tu akawala wanne. Karani alitandika wavu juu ya maji, lakini waliosalia walikuwa watatu. Binti yake, mwenye umri wa miaka tisa, akamwuliza kama samaki wa babu watakwisha. Karani hakuwa na jibu jepesi. Samaki wa dhahabu huuzwa mjini, na mwenye fedha aweza kununua wengine wakati wo wote. Lakini wale watatu waliomjua babu na bakora yake hawauzwi po pote. Basi aliazimia kununua wengine watano wadogo ili bwawa lisiwe tupu, wala hakufahamu bado kwamba hao watano ndio hatari kubwa zaidi kwa wale watatu, kuliko hata korongo.

Yafaa msomaji ajue kidogo asili ya samaki hawa. Nyumbani kwao ni Uchina, ambako zaidi ya miaka 1,000 iliyopita watu waliona kwamba miongoni mwa samaki wa rangi ya kijivu wa mabwawani huzaliwa mara chache mmoja mwenye rangi ya dhahabu. Wakawatenga hao, wakawazalisha wao kwa wao. Katika enzi ya wafalme wa Song, iliyoanza mwaka 960 na kuisha mwaka 1279, kuwafuga katika mabwawa ya bustani kulikuwa ni desturi ya wakubwa. Ulaya walifika katika karne ya 17. Leo wamo katika nyumba za maskini na za matajiri duniani kote. Wao ni wa jamii ya karpu, ni wavumilivu wa baridi, na wakitunzwa vema huishi miaka mingi. Huko Uingereza samaki mmoja wa namna hii alipatikana kama zawadi katika michezo ya maonyesho mwaka 1956, akaishi mpaka mwaka 1999, yaani miaka 43. Wengi wafao katika mwezi wa kwanza hawafi kwa sababu ya udhaifu wa kabila lao, bali kwa namna walivyopokewa.

Kabla ya kwenda Nairobi kununua, karani alikwenda kwa jirani yake, mzee aliyestaafu kazi ya kutunza mabwawa ya samaki, ambaye watu wa pale humwita Bwana Samaki mpaka leo. Mzee akamwagiza atayarishe kwanza pipa safi la plastiki la lita 200, aliweke kivulini, alijaze maji, na ayaache wazi siku mbili. Sababu yake ni kwamba maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini hiyo, ambayo haimdhuru mtu anywaye, huunguza matamvua ya samaki, yaani mashavu yake ya kupumulia. Maji yakikaa wazi, klorini hupaa na kwisha.

Akamwagiza pia achukue mawe machache yenye ute kutoka bwawa la zamani, ayatie ndani ya pipa. Karani alistaajabu, kwa kuwa yeye alidhani ute ni uchafu wa kusuguliwa. Mzee akamweleza kwamba samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua yake, nayo ni sumu kwake mwenyewe. Katika bwawa lililokomaa wamo bakteria wakaao katika ute wa mawe, ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa nayo huliwa na mimea. Katika maji mapya kabisa bakteria hao hawapo, na huchukua majuma manne mpaka sita kuongezeka wakatosha. Ndiyo sababu bwawa jipya lenye maji maangavu kama kioo laweza kuua samaki, na bwawa kuukuu lenye mawe ya kijani likawalea. Macho ya mtu hayaoni amonia.

Siku ya kununua ilikuwa katika mwezi wa Julai, wakati wa ukungu na baridi. Karani alirudi alasiri na mfuko wa plastiki uliojazwa maji theluthi na hewa theluthi mbili, na ndani yake samaki watano wekundu kama makaa, kila mmoja urefu wa kidole. Binti yake alimpokea barabarani akipiga makofi. Alitaka wageni watiwe bwawani saa ile ile, kabla giza halijaingia, ili awaone wakikutana na samaki wa babu. Karani akamtazama mtoto, akalitazama pipa la kijivu lililokuwa kivulini, na moyo wake ukalegea.

Jirani alikuwa amesimama penye ua. "Ngoja kwanza, mwanangu," akasema. "Hao watatu walio bwawani unao hakika. Hawa watano unajua nini juu yao?"

"Mzee, wanaonekana wazima."

"Na mtu mwenye homa ya matumbo, siku ya kwanza huonekana je?"

Karani akanyamaza, akaupeleka mfuko penye pipa.

Maneno ya mzee hayakuwa ya kutisha watoto. Samaki wa dukani hukaa wengi pamoja, nao hutoka mahali mbalimbali, na mmoja mgonjwa huwaambukiza wengine kabla dalili haijaonekana. Wako wadudu washikao ngozi na matamvua, wengine wadogo hata hawaonekani kwa jicho. Viko na virusi. Katika mwaka 1992, huko Japan, samaki wa dhahabu waliangamizwa na ugonjwa wa virusi vya jamii ya hepesi, na imejulikana tangu hapo kwamba samaki aliyeponea aweza kuendelea kuubeba ugonjwa huo akiwa na afya njema machoni pa watu. Kumtenga mgeni majuma manne si ukatili. Ni sawa na desturi ya bandarini, ambako jahazi lililotoka penye tauni lilizuiwa lisiteremshe watu mpaka siku zake zitimie.

Mfuko uliachwa ukielea ndani ya pipa kwa muda wa dakika 20, ili joto la maji ya ndani na la nje lilingane, maana samaki hana moto wa mwili wake mwenyewe. Joto la maji ndilo joto la damu yake, na badiliko la ghafula humpiga kama mtu atupwaye kutoka jikoni kwenye barafu. Kisha ukafunguliwa, akatia maji ya pipa kikombe kimoja kimoja. Kwa safari fupi kama ile yafaa kufanya hivyo pole pole. Lakini samaki waliosafiri kwa muda mrefu sana wasicheleweshwe baada ya kufungua mfuko, kwa sababu hewa chafu iliyokuwamo ikitoka, amonia iliyojilimbikiza katika maji yale huzidi ukali. Mwishowe samaki walitolewa kwa wavu mdogo, na maji ya mfuko yakamwagwa mbali. Wavu ule na ndoo ile havikuruhusiwa kugusa bwawa la zamani.

Siku mbili za kwanza zilikuwa ngumu kwa mtoto. Wageni walijikusanya chini ya pipa penye mawe, wakatulia pamoja kama kuku waonao mwewe. Rangi yao ilififia. Chakula kilipotupwa hakuna aliyekigusa.

"Baba, watakufa njaa," akasema.

Hapa ndipo wema wa watu unapoua samaki. Mtu akiona mgeni hali, humwongezea chakula, akidhani kile cha kwanza hakikumpendeza. Lakini samaki wa dhahabu aliyetishika hawezi kula, wala hahitaji. Yeye hana tumbo la kuwekea akiba kama la mtu. Chakula hupita moja kwa moja katika utumbo, na katika maji ya baridi mwili wake hutumia kidogo sana, hata aweza kukaa siku kadhaa bila ya kula asidhurike. Kile kilichoachwa huoza, na kuoza kwake huzaa amonia ile ile. Karani akamwonyesha binti yake namna ya kuondoa mabaki kwa kijiko, akamwambia angoje. Siku ya tatu mmoja alipanda juu, akanusa punje moja, akaimeza, akaitema, akaimeza tena. Siku ya tano walikula wote.

Siku ya tisa mtoto aliona jambo jingine. Mmoja wa wageni alikuwa akijisugua ubavu juu ya jiwe, kwa ghafula, kama mbuzi ajikunaye kwenye nguzo. Kesho yake mapezi yake yalikuwa na chembe nyeupe, ndogo kama chumvi. Mzee akaitwa, akainama juu ya pipa, akautaja ugonjwa wenyewe kuwa ni wa madoa meupe. Kila chembe ni mdudu aliyejichimbia chini ya ngozi ya samaki, mahali ambapo dawa haimfikii. Akishashiba hudondoka chini, hujifunga kama yai, na ndani yake hutoka watoto mamia kwa mamia, ambao lazima wapate samaki wa kumshika katika muda mfupi au wafe. Ni wakati huo tu, wanapoogelea kutafuta, ndipo wanapoweza kuuawa. Katika maji yenye joto la digrii 25 mzunguko huo hutimia chini ya juma moja. Katika maji ya digrii 15, kama yale ya Limuru mwezi wa Julai, huchukua majuma mawili au zaidi. Basi mwenye kuishi katika nchi ya baridi, na aliyesikia kwamba juma moja la kutenga latosha, amesikia habari ya nchi nyingine.

Dawa yake ilikuwa chumvi ya kawaida isiyochanganywa na kitu, gramu tatu kwa kila lita ya maji, yaani gramu 600 kwa pipa zima, ikayeyushwa na kutiwa mara tatu kwa siku mbili ili samaki wasishtuke. Kila siku ya pili robo ya maji ilitolewa, na maji mapya yakatiwa pamoja na kiasi chake cha chumvi. Pampu ndogo ya hewa ilifanya kazi usiku na mchana, kwa kuwa mdudu yule hushambulia matamvua pia, na samaki mgonjwa huhitaji hewa zaidi kuliko mzima.

Wanne walishinda. Yule wa kwanza, aliyejisugua, alianza kukaa juu ya maji akihema, mapezi yake yameshikamana na mwili kama mwavuli uliofungwa. Siku ya kumi na tatu alikutwa amekufa. Binti alimzika chini ya mparachichi, akalia, akasema kwamba kama angalitiwa bwawani pamoja na wale wakubwa labda wangalimtunza.

Baba yake hakujua la kusema, lakini mzee alijua. "Mjukuu wangu," akasema, "wasingaliweza kumtunza. Angaliwapa ugonjwa wake bila ya kutaka. Amekufa katika pipa, hakufa bwawani, na samaki wa babu yako wako hai."

Mtoto akaenda kuwatazama wale watatu. Walikuwapo, wanene na wavivu chini ya yungiyungi, wala hawakujua lo lote lililopita hatua kumi kutoka kwao.

Hesabu ya majuma manne ilianzwa upya tangu siku chembe ya mwisho ilipotoweka. Agosti ikaisha, na katika juma la pili la Septemba wale wanne walihamishwa. Jambo hili lilifanywa jioni, wakati jua si kali na ndege wameondoka. Kipimajoto kilionyesha kwamba bwawa lilikuwa na joto digrii mbili zaidi ya pipa, basi ndoo ya wageni ikaelezwa juu ya maji mpaka tofauti ikaisha, kisha ikainamishwa ili watoke wenyewe.

Walipotoka tu, bwawa zima likawa kimya. Wageni walizama penye mizizi ya yungiyungi, na wenyeji watatu nao wakatoweka. Hata asubuhi, bakora ya babu ilipogonga jiwe, hakuja hata mmoja.

Tendo hili huwatia watu wengi hofu, hata wakaanza kubadilisha maji, kutia dawa, au kupapasa chini kwa fimbo. Lakini lina maelezo. Katika mwaka 1938 mwanachuoni wa Austria, Karl von Frisch, yule ambaye baadaye alishiriki zawadi ya Nobel ya mwaka 1973 na ambaye alijulikana zaidi kwa kuchunguza ngoma ya nyuki, alieleza kwamba kisamaki mmoja wa mtoni akijeruhiwa ngozi, wenziwe hukimbia ijapokuwa hawakumwona adui. Kumbe ngozi iliyochubuka hutoa kitu katika maji, na harufu yake ni kama kilio cha hatari. Samaki wa dhahabu ni wa jamii moja na kisamaki huyo, nao wanayo tabia hiyo. Mchubuko mdogo tu wa wavu hutosha kupiga mbiu. Tena samaki hawa husikia vizuri kupita wengi wa wenzao, kwa sababu wana mifupa midogo iungayo kibofu cha hewa na sikio. Kishindo cha watu wanaozunguka ukingoni huwafikia wote. Dawa ya hofu hiyo ni moja tu: kuondoka.

Ni vema mwenye bwawa ajifunze kutenganisha dalili za namna tatu. Ya kwanza ni ya uoga: kujificha, kukaa pamoja, rangi kufifia, kukataa chakula. Hiyo huisha yenyewe kwa siku chache. Ya pili ni ya ugonjwa: kujisugua, mapezi kushikamana na mwili, kukaa peke yake mbali na wenziwe, madoa au vidonda. Hiyo yataka kutenga na kutibu. Ya tatu ni ya maji: samaki wote kwa pamoja kupanda juu na kuhema, hasa alfajiri, kwa kuwa usiku mimea nayo hutumia hewa iliyomo majini, wala haitoi. Hiyo yataka maji mapya yasiyo na klorini, na kutikisa maji yaliyopo, mara moja, pasipo kungoja. Mtu akikosea akaitibu ya kwanza kama ni ya pili, huwaua kwa dawa. Na akiingojea ya tatu kama ni ya kwanza, huwakuta asubuhi wakielea.

Siku ya nne wenyeji walitokea, na wageni nyuma yao. Mkubwa wa wale watatu alimfuata mgeni mmoja mahali po pote alipokwenda, akamgusa ubavuni kwa mdomo. Hiyo haikuwa vita. Ngege dume hulinda shimo lake na kufukuza kila ajaye, lakini samaki wa dhahabu hana kiambo cha kulinda. Yeye hupenda kundi, na hutafuta kujua ni nani aliyeingia. Taabu ilikuwa katika chakula tu, kwa maana wakubwa waliwahi na wadogo wakakosa. Karani akagawa kile kile kidogo mahali pawili, upande huu na upande ule, na taabu ikaisha.

Habari ya kwamba samaki huyu husahau kila kitu baada ya nukta tatu ni uzushi. Majaribio ya wataalamu yameonyesha kwamba aweza kufundishwa ishara ya chakula na kuikumbuka kwa miezi. Bakora iligongwa kila jioni saa kumi na moja. Kwa majuma mawili walikuja wakubwa peke yao. Kisha mmoja wa wadogo akaja nyuma yao, akasimama mbali, kisha wawili. Mwishoni mwa Oktoba walikuja wote saba, na wale wanne walikuwa wamelijua jiwe la mtu ambaye hawakumwona kamwe.

Novemba, maji yalipopata joto, palitokea ghasia. Asubuhi moja wawili walimfukuza wa tatu bwawani kote, wakimgonga tumbo hata maji yakaruka. Tena katika vifuniko vya matamvua vya wale wafukuzao palikuwa na chembe nyeupe. Mke wa karani alidhani ni ule ugonjwa wa Julai umerudi, akataka chumvi iletwe upesi. Lakini chembe za ugonjwa hutapakaa mwilini na mkiani pasipo mpango; hizi zilijipanga juu ya vifuniko vya matamvua na penye ukingo wa mapezi ya mbele tu, nazo ni pambo la madume wakati wa kuzaa. Jike alikuwa akikimbizwa ili ataage mayai penye mizizi ya yungiyungi. Samaki hawa hula mayai yao wenyewe, hata hivyo vifaranga vichache vilisalia, vya rangi ya tope, ambavyo hugeuka rangi ya dhahabu baada ya miezi.

Kwa furaha hiyo likaja tatizo la mwisho. Bwawa la lita 1,800 halifai kubeba zaidi ya samaki kumi wakubwa, maana kila mmoja aweza kufikia urefu wa sentimita 30. Kijana mmoja wa jirani alisema vifaranga wa ziada watupwe kijitoni. Mzee alikataa kwa ukali. Nchi hii imekwisha kuona mgeni wa majini anavyoweza kufanya. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za samaki wadogo wa asili zilikuwa zimetoweka au kubaki chache, ijapokuwa biashara kubwa ilipatikana kwake. Katika Ziwa Naivasha, karpu, ndugu wa samaki wa dhahabu, alionekana mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa muda wa miaka michache akawa ndiye ajazaye nyavu za wavuvi. Samaki wa dhahabu aliyeachwa mtoni hurudia rangi ya baba zake kwa vizazi, hufukua matope, hula mayai ya wengine, na aweza kuwapelekea magonjwa. Basi vifaranga wale waligawiwa majirani wenye mabwawa yasiyotoka maji kwenda mtoni, na kila apewaye aliagizwa atayarishe pipa kwanza.

Watu wengi huamini kwamba kumpenda kiumbe ni kumpa upesi kile ambacho wao wenyewe wangalikitaka: chakula tele, wenzi wengi, na makaribisho ya kelele. Samaki hawezi kusema kwamba hataki. Husema kwa pezi, kwa rangi, kwa mahali aliposimama katika maji, na anayetaka kumsikia sharti akae kitako, atazame siku nyingi, na azuie mkono wake. Maji ni nyumba isiyo na kuta za ndani. Kitu kikiingia kwa mmoja kimeingia kwa wote. Kwa hiyo mgeni wa bwawani na apewe chumba chake, apewe siku zake, na mwenyeji naye atapona.